Dua ya Alfajiri na Bakuli la Sokoni

Hotuba mbele ya akina mama na vijana wa misikiti na makanisa, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimekuja na bakuli. Mlioko nyuma mnivumilie kidogo, litapita mkono kwa mkono mpaka liwafikie. Lagos wanaliita kongo. Ni bakuli la bati tu, na sokoni ndilo linalopimia mchele, maharage na garri, yaani muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa na kukaangwa mpaka ukawa chengachenga. Bibi zetu hapa walikuwa na pishi na kibaba. Wenzetu wana kongo. Ukilipokea, usilitazame kwa juu. Ingiza mkono upapase kitako. Umeona? Kimegongwa kwa nje kikapanda ndani. Muuzaji akijaza, mchele unafanya kichuguu, punje zinamwagika pembeni, na moyo wako unasema leo nimependelewa. Fika nyumbani umimine sufuriani, hapo ndipo utajua.

Bakuli hili ni la mama mkwe wangu. Nilimwomba nije nalo, na nitawaeleza lilivyofika mikononi mwake. Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa hapa hapa, wa Ngamiani. Niliolewa Lagos, na huu ni mwaka wa tisa. Nyumba niliyoingia ni ya Wayoruba, na kwa Wayoruba ni jambo la kawaida baba akawa wa msikitini na shangazi wa kanisani, na Idi na Krismasi zikapikwa jiko moja. Mama mkwe ni Mwislamu aliyehiji, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Alhaja. Alinikuta Mkristo, akaniacha Mkristo. Ila kila alfajiri hunigongea mlango: "Iyawo, umeomba?" Iyawo ni mke, bibi harusi, mkamwana huitwa hivyo hata akiota mvi. Hajawahi kuniuliza nimeomba kwa lugha gani.

Wanigeria mnawajua kwa filamu zao, na kwa wahubiri wao wanaojaza luninga zetu. Leo nataka mkae kidogo na wale wasioonekana humo: anayetoka nyumbani saa kumi za usiku awahi basi, anayehesabu vijiko vya garri, anayesali kuliko mimi na wewe na bado kulala kwake ni kwa shida.

Lagos kuna mabasi madogo ya njano, yanaitwa danfo. Karibu kila moja lina maneno mgongoni. Mungu atatenda. Hakuna hali ya kudumu. Asubuhi, gari likiwa bado halijafika Oshodi, kituo kikubwa cha mabasi, mtu anainuka kutoka kwenye kiti, ameinama kwa sababu paa ni fupi, anaanza kuomba. Anaomba ajali isitokee. Anaomba watekaji wasitukute njiani. Anamwombea anayekwenda kutafuta kazi, anamwombea mwenye kesi, anamwombea dereva. Basi zima linaitika Amina. Dada aliyevaa hijabu anaitika Amina. Nami huitika kwa moyo wote, maana matairi nilishayaona kabla sijapanda.

Kisha tunafika, na kondakta hana chenji. Anachofanya ni kuwaunganisha abiria. Anachukua noti moja, anakupa wewe na mtu usiyemjua, anasema mtagawana wenyewe, gari linaondoka. Basi watu walioitika Amina pamoja dakika ishirini zilizopita wanabaki kwenye lami wanashikana mashati kwa naira 200. Mimi mwenyewe nilimshika mzee mmoja kanzu yake. Nilimkatalia kuondoka, nikampandishia sauti mtu wa umri wa baba yangu, kwa sababu zile ndizo zilikuwa nauli yangu ya kurudi nyumbani, na kwake yeye vilevile. Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyekuwa mwizi. Mpaka leo nikikumbuka macho ya yule mzee nasikia uchungu, kwa sababu aliyetupiganisha alikuwa ameshafika kituo cha pili.

Lakini asije mtu akaniambia kwamba imani ya wale watu ni ya mdomoni. Sitamkubalia, na nina sababu.

Mwaka wa nne wa ndoa yangu mtoto wetu aliugua usiku. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Hospitali tuliyofika ilitaka amana kabla daktari hajamgusa. Mume wangu alikuwa safarini, na mtandao wa benki haukupatikana. Nilikaa sakafuni pale mapokezi, mtoto kifuani. Alhaja aliondoka bila kusema neno. Alirudi baada ya muda na wanawake sita wa kikundi chake cha asalatu, wale wanaokutana kila Jumapili kumswalia Mtume na kuombeana. Walikuja na nguo walizolalia. Wakaanza kufungua mapindo ya vitenge vyao, kama sisi tunavyofungua pindo la kanga, wanatoa noti moja moja, nyingine zimekunjwa ndogo kama hirizi, wanazinyoosha kwenye paja, wanamhesabia karani. Zile zilikuwa fedha za ajo, yaani upatu, na kulikuwa na mtu wa kuzipokea asubuhi yake. Mtoto wa Kikristo, wanawake wa Kiislamu, saa nane za usiku. Mtoto yu hai. Yule pale, mstari wa pili, ana shati la bluu.

Kwa hiyo nikisema neno la ukali leo, jueni linatoka kwa mtu aliyeokolewa na imani ya watu hao.

Niwaambie habari ya umeme. Umeme ukirudi mtaani kwetu, watoto wa nyumba zote hupiga kelele kwa pamoja: "Up NEPA!" NEPA lilikuwa shirika la umeme la taifa. Jina hilo lilifutwa mwaka 2005, na mwaka 2013 usambazaji ukauzwa kwa makampuni binafsi. Watoto wanaopiga kelele hizo leo walizaliwa NEPA imeshakufa. Shangwe wameirithi kwa wazazi. Nchi ina watu zaidi ya milioni 200, na kwa miaka mingi gridi yake imekuwa ikipeleka megawati 4,000 hadi 5,000 hivi. Mwaka 2024 pekee gridi nzima ilianguka zaidi ya mara 10. Mwenye uwezo ananunua jenereta. Ile ndogo kabisa, inayobebwa kwa mkono mmoja, wameipa jina "nimempita jirani yangu," na usiku mtaa mzima unanguruma, kila nyumba na moshi wake. Alhaja hana jenereta. Umeme ukirudi husema Alhamdulillahi, halafu anakimbilia pampu ya maji, simu, pasi, kwa mpangilio huohuo, maana hajui kama ana saa tatu au dakika ishirini.

Sasa transfoma ya mtaa wetu iliungua. Kampuni ikatuambia foleni ni ndefu, na kwamba mitaa inayochanga hupata haraka. Tukachanga. Mwenyekiti wa wakazi alipita na daftari nyumba kwa nyumba. Msikiti ukatoa sanduku siku ya Ijumaa, kanisa likapitisha kapu Jumapili. Tulikaa gizani wiki saba. Transfoma ilipokuja, imamu na mchungaji waliitwa waiombee kabla ya kuwashwa. Tulipiga magoti kwenye vumbi, wote, na dua ilikuwa nzuri, ya kutoa machozi. Tulipoinuka, jirani yetu mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa wiki saba hakushona chochote zaidi ya vifungo, akasema kwa sauti ya kusikika: "Tumemshukuru Mungu kwa kitu tulichonunua wenyewe. Kuanzia leo ni mali ya kampuni, na mwezi ujao watatuletea bili."

Watu wakamgeukia. Mama mmoja akamwambia, "Nyamaza, usiharibu baraka."

Ndugu zangu, maneno hayo matatu ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Nyamaza, usiharibu baraka. Yule fundi alikuwa amepiga magoti kando yangu. Nilisikia Amina yake. Alichofanya ni kumalizia dua kwa sauti, ile sehemu ambayo sisi wengine tuliimeza. Na tukamwona yeye ndiye mkosefu.

Nimeishi na swali hilo kwa muda mrefu. Kwa nini mtu mwenye imani akilalamika, tunahesabu kwamba imani yake imepungua? Wenzetu kwa pijini yao husema Mungu yupo, kama sisi tunavyosema Mungu si Athumani. Ni neno zuri. Limewavusha watu mahali ambapo mimi ningezama. Lakini nimesikia likitumika kumnyamazisha mjane, kumnyamazisha kijana aliyemaliza chuo na miaka mitano hana kazi, kumnyamazisha mwalimu asiyelipwa. Mtu anafungua kinywa aseme kinachomuuma, na kabla hajafika katikati anaambiwa: Mungu yupo. Na huyo aliyepaswa kumlipa mwalimu, yeye yuko wapi?

Nitaje bei, kwa sababu njaa ina tarehe. Tarehe 29 Mei 2023 Rais Bola Tinubu aliapishwa, na katika hotuba ileile akatangaza kwamba ruzuku ya mafuta imeondoka. Petroli ilikuwa chini ya naira 200 kwa lita. Siku mbili baadaye vituo vya Lagos vilikuwa karibu 490. Oktoba 2024 ilikuwa inakaribia 1,000. Katikati ya hapo, Juni 2023, naira ikaachiwa ielee, yaani bei yake ipangwe na soko. Kutoka mia nne na sitini na kitu kwa dola moja, mwaka uliofuata ikapita 1,500. Desemba 2024 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 34.8. Kima cha chini cha mshahara, kilichokuwa 30,000 tangu 2019, kilipandishwa Julai 2024 kikawa 70,000, na wakati huo gunia la mchele la kilo 50 lilikuwa limeshapita bei hiyo. Mshahara wa mwezi mzima haukufika gunia moja.

Sitasema ruzuku ilikuwa kitu kizuri. Ilikuwa ikiliwa na wakubwa na kuvushwa mpakani kwa magendo, na kila Mnigeria anajua. Ninachosema ni kwamba mzigo ule wote ulitupwa asubuhi moja kwenye vichwa vya watu wasio na akiba. Kaskazini, watu wakaanza kununua afafata, punje ngumu zinazokataliwa mashineni, ambazo zamani ziliuzwa kwa wafugaji wa samaki. Jina lenyewe kwa Kihausa ni kupambana, kwa jinsi zinavyokataa kuiva.

Vijana wana maneno mawili ambayo sasa hata Alhaja anayatumia. Sapa ni hali ya kufulia, mfuko mtupu kabisa. Japa ni kukimbia, kuihama nchi. Nimekwenda mikesha ambapo watu huinua pasi za kusafiria juu, mamia ya vitabu vya kijani hewani, wanaombea viza. Mdogo wa mume wangu, muuguzi, aliinua ya kwake. Akapata Uingereza. Tulimfanyia shukrani kanisani, tukacheza, Alhaja akacheza na sisi na leso mkononi. Gari la uwanja wa ndege lilipoondoka aliingia chumbani kwake, na sikumsikia tena mpaka adhana ya magharibi.

Sasa nifike Desemba 2024.

Tarehe 18 Desemba, Ibadan, mji ambao ni mwendo wa saa mbili au tatu kutoka kwetu kama barabara haina foleni, kulitangazwa tamasha la watoto kwenye uwanja wa shule mtaa wa Basorun. Kulikuwa na zawadi na chakula. Watu walijaa kuliko uwanja. Watoto 35 walikufa kwa kukanyagwa. Siku tatu baadaye, tarehe 21, katika mji wa Okija jimbo la Anambra, watu walikusanyika kupokea mchele wa Krismasi. Wakafa 22. Asubuhi ileile mjini Abuja, Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Maitama, lilikuwa linagawa chakula kwa maskini. Wakafa 10, wanne kati yao watoto. Watu 67 ndani ya siku nne, na hakukuwa na vita wala bomu. Walikuwa wamefuata chakula.

Maitama, kama hamjui, ndiko wanakokaa mawaziri na mabalozi. Kuta ndefu, miti imepandwa kwa mstari. Wale waliofia langoni hawakuwa wenyeji wa kuta hizo. Walitoka makazi ya pembezoni, wakaja asubuhi na mapema, wakapita mbele ya nyumba za watu wenye dhamana ya nchi, wakaenda kanisani. Kwa nini kanisani? Kwa sababu mlango huo walijua utafunguliwa. Hiyo ni heshima kubwa ambayo maskini wa Nigeria wameipa nyumba ya Mungu, na mimi kama mtu wa kanisa ninaitetemekea. Mtu amekata tamaa na kila ofisi, amebakiwa na wewe. Utamgawia mchele tu, kisha umwambie asiharibu baraka?

Siku ile mtaani kwetu redio zilikuwa wazi kila kibaraza. Jirani mmoja, mama mwema sana, akatikisa kichwa akasema, "Mungu ndiye anayejua." Alhaja alikuwa anachambua maharage. Sijawahi kuona sala ikimpita mwanamke yule. Alijibu bila kuinua uso: "Mungu anajua. Na wao walijua. Tuliwaambia Agosti."

Agosti aliyoisema ni hii. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 vijana waliingia barabarani nchi nzima. Tangu mwaka ule uanze, misafara ya viongozi ilikuwa ikipokewa kwa kelele za Kiyoruba, "Ebi n pa wa." Sisi tunasema njaa inatuuma. Wao wanasema njaa inatuua. Kabla ya maandamano wako viongozi wa dini, wa pande zote mbili, waliosimama mimbarini na madhabahuni kuwasihi watu wabaki nyumbani waombe. Sidai kwamba wote walitumwa. Wengine waliogopa damu, na damu ilimwagika kweli, watu walipoteza maisha. Lakini baada ya hapo nani alisimama? Tarehe 1 Novemba watuhumiwa 76 wa maandamano yale walifikishwa mahakamani Abuja, baadhi yao watoto wa miaka 14 hadi 17, wameshtakiwa hadi kwa uhaini. Walikuwa mahabusu kwa wiki nyingi. Wengine walidondoka hapohapo mbele ya hakimu kwa udhaifu. Picha zilienea, watu wakapiga kelele, na ndani ya siku chache mashtaka yakaondolewa. Kelele zile ndizo zilizowatoa. Nawaomba walimu wetu wa dini mliopo hapa mliweke hilo akilini.

Maana sisi sote, misikitini na makanisani, tuna mifano ya watu waliomlilia Mungu kwa sauti wala hawakuwa makafiri. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe walipomlaumu akawaambia mashitaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Mashitaka, ndugu zangu. Na Hana, mama yake Samweli, alisali hekaluni kwa uchungu mwingi, midomo inacheza sauti haisikiki, na kuhani Eli akadhani mwanamke yule amelewa. Mimi habari ya Eli ndiyo inayonitisha. Kuhani mzima, mzee wa hekalu, alikuwa ameketi palepale mlangoni, mtu anamwaga moyo wake mbele ya Bwana, naye akaona ni utovu wa adabu. Lakini alipoelezwa alisikiliza, akambariki. Hicho ndicho ninachowaombea viongozi wa dini wa Nigeria, na wetu.

Wala si jambo lisilowezekana kule. Mume wangu hunisimulia Januari 2012, kabla hatujajuana. Siku ya mwaka mpya serikali ya wakati ule iliondoa ruzuku, petroli ikaruka kutoka naira 65 hadi 141. Watu walitoka. Wiki ile zilienea picha ambazo yeye anazo mpaka leo kwenye simu: Waislamu wamesujudu barabarani, na Wakristo wameshikana mikono kuwazunguka wasidhuriwe. Hasira na sala kwenye lami moja. Bei ilishushwa ikawa 97. Haikurudi 65, lakini ilishuka. Na Februari 2020, baada ya mchungaji mmoja kutekwa na kuuawa kaskazini mashariki, Mchungaji Enoch Adeboye, ambaye hata hapa Tanga ana wasikilizaji wengi, alitembea barabarani Lagos akiwa na bango pamoja na waumini wake. Machi ya mwaka uleule maaskofu Wakatoliki wakatembea Abuja wamevaa nyeusi. Waliomba wakitembea. Sikusikia mtu akiwaambia wameharibu baraka.

Bakuli limefika wapi? Haya, linirudie.

Mama aliyekuwa na bakuli hili alimuuzia Alhaja mchele miaka kumi na moja. Ana tasbihi mkononi, na hachoti bila Bismillahi. Siku moja mchele ulikuja nyumbani ukawa haufiki alama ambayo Alhaja ameichora kwa msumari ndani ya sufuria yake. Akanyamaza. Mara ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu tulikwenda wote, na kabla ya kuchotewa akalichukua bakuli mkononi mwa yule mama akaligeuza juu chini mbele ya wateja. Kila mtu akaona. Vitabu vyote viwili vimemlaani apunjaye kipimo, na wateja pale walianza kumkumbusha hivyo kwa sauti kubwa.

Yule mama aliketi juu ya gunia akalia. Alisema mwenye nyumba anataka kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, na mwenye nyumba huyo ni mzee wa kanisa. Alisema magunia yanamfikia yamepungua tangu kwa mfanyabiashara wa jumla, na huyo jina lake linaanza na Alhaji. Alisema wenye malori wanatozwa fedha kila kizuizi cha barabara, na wanaowatoza wana familia, nao husali. Nilitazama ule mnyororo wote, nikakumbuka yule mzee niliyemshika kanzu. Nilidhani Alhaja atamsamehe, yaishe.

Alimlipa bei ya bakuli, akalitia mkobani. Akamshika mkono, akamwambia, nami nilikuwa nimesimama hapo: "Usiku nitakuombea kodi yako ipatikane. Mchana nakwenda kukushitaki kwa Iyaloja." Iyaloja ni mama wa soko, mkuu wa wanawake wote wanaouza. Na kweli alikwenda, na wanawake wengine wa asalatu na wa kanisani kwangu, tukiwa zaidi ya ishirini. Iyaloja aliamuru mabakuli yote yageuzwe kila asubuhi soko linapofunguliwa, mbele ya wateja. Wanawake wa asalatu wakamchangia yule mama sehemu ya kodi. Bado tunanunua kwake. Na kuhusu wale wa vizuizi vya barabarani tuliandika barua, ikasainiwa na imamu na mchungaji wetu wote wawili, na yule fundi cherehani ndiye aliyeipeleka. Jibu halijaja.

Juzi Alhaja amenipigia simu. Ameniuliza kama nimeomba, akawauliza nyote hali zenu. Kisha akasema mabakuli yameanza kubonyea tena, sasa hata upande wa maharage, na Iyaloja ameitisha mkutano mwingine mwisho wa mwezi. Analitaka bakuli lake. Nimemwambia lipo, limepita mikono mingi Tanga, na narudi nalo Jumamosi.